Mwongozo kamili wa kufufua kibodi ya mekanika iliyoharibika baada ya kusafishwa kwa kimiminiko

Malalamiko huwa yale yale. Kibodi ilikuwa nzima, ikapuliziwa dawa ya kusafishia au ikafutwa kwa spiriti, ikaachwa ikauka, na ilipochomekwa tena baadhi ya vitufe vikagoma, vingine vikawa vinaandika herufi mbili mbili, na pengine kimoja kikaanza kujibonyeza chenyewe. Mwenyewe huingoja siku moja zaidi, akaichomeka tena, hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Hapo ndipo anapokimbilia chuma cha kulehemia na kubadilisha swichi, yaani kifaa kilicho chini ya kofia ya kitufe kinachopokea mbonyezo, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Makosa yaliyomo humo ni mawili. La kwanza ni kudhani kwamba kukauka ni kupona. Maji huondoka, lakini sabuni, chumvi na uchafu ulioyeyuka hubaki chini ya swichi, na mabaki hayo hupitisha umeme na kunyonya unyevu wa hewa. La pili ni kuanza kulehemu na kubadilisha swichi kabla ya kuchora ramani ya vitufe vilivyokufa, ilhali ramani hiyo ndiyo inayoonyesha tatizo lilipo. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kuepuka makosa hayo, na mpangilio wake haufai kurukwa.

## Vifaa vya kuandaa

- Kifaa cha waya cha kung'olea kofia za vitufe. Kile cha pete ya plastiki kinachokuja bure na kibodi huacha mikwaruzo kwenye kingo za kofia.
- Bisibisi ndogo ya nyota, pamoja na kadi ya plastiki ya zamani ya kuachanishia kasha.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99, au isiyopungua asilimia 90.
- Maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri za magari. Soma lebo, kwa sababu baadhi ya wauzaji huita pia asidi ya betri "maji ya betri", na asidi hiyo itaimaliza bodi na kukuunguza mikono.
- Mswaki laini ambao haujatumika, pamba za vijiti, na karatasi nyeupe ngumu kiasi.
- Mita ya umeme yenye mlio wa kupima muunganiko na alama ya dayodi.
- Kibano chembamba cha chuma.
- Feni ya kawaida.
- Swichi mbili au tatu za akiba za aina ile ile iliyomo kwenye kibodi.
- Kwa kibodi yenye swichi zilizolehemewa: chuma cha kulehemia chenye kidhibiti cha joto, risasi ya kulehemia ya 60/40 (mchanganyiko wa bati na madini ya risasi), flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika), pampu ya kufyonzea risasi na utambi wa shaba.

Spiriti ndiyo inayowakosesha wengi. Spiriti ya hospitali inayouzwa dukani si mbadala, kwani mara nyingi huongezewa mafuta ya nyonyo na viungo vingine vya kulainisha ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya viunganishi kama utando. Ile ya rangi ya zambarau ya majiko huacha rangi yake. Katika maduka ya vifaa vya elektroniki, kama yale ya Kariakoo au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ulizia spiriti wanayotumia mafundi wa simu kuoshea bodi, kisha hakikisha kwa macho yako asilimia iliyoandikwa kwenye chupa.

Asetoni isikaribie kabisa kibodi, kwa sababu huyeyusha plastiki ya ABS, ambayo ndiyo iliyotengenezea kofia nyingi. Vilainishi vya kupulizia vya kulegezea kutu kwenye skrubu na minyororo huacha mafuta yanayonasa vumbi. Na mchele uachwe upikwe pilau: hauvuti maji yaliyonasa chini ya swichi, bali huacha unga wake ndani ya kibodi.

## Hatua ya 1: Kata umeme wote, pamoja na wa betri

Chomoa kebo. Kama kibodi ni ya bila waya, kuizima kwa kitufe cha pembeni hakutoshi, kwa sababu betri ya lithiamu bado imeunganishwa na saketi ya kuchajia. Ukishafungua kasha, chomoa plagi ndogo ya betri kutoka kwenye bodi bila kuvuta nyaya zake.

Haraka hii ina sababu. Maji yenye chumvi au sabuni yakikutana na volti 5 za USB kati ya njia mbili za shaba zilizokaribiana, shaba ya upande wa chanya huanza kuliwa, na njia nyembamba huweza kukatika kabisa. Bila umeme, uharibifu huo huenda polepole sana. Kwa hiyo kila mara unapochomeka kibodi "kuangalia tu kama imepona" kabla ya kuiosha, unaipunguzia nafasi ya kupona.

## Hatua ya 2: Tambua kilichoingia

Kimiminiko kilichoingia ndicho kinachoamua dawa. Sabuni, dawa ya vioo na vitambaa vyenye unyevu vya kufutia meza huacha mabaki yanayoyeyuka katika maji kuliko katika spiriti. Ukiosha kwa spiriti peke yake, utakuwa unayasogeza kutoka pembe moja kwenda nyingine. Dawa yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ndiyo mbaya kuliko zote, na kibodi iliyoingiwa nayo ioshwe siku hiyo hiyo.

Spiriti safi iliyomwagwa kwa wingi ina madhara ya aina nyingine. Haiachi chumvi, lakini huyeyusha grisi iliyomo ndani ya swichi na kwenye stabilaiza, yaani vishikizo vya waya vinavyosawazisha vitufe virefu, ikaibeba pamoja na vumbi hadi kwenye viunganishi. Matokeo yake ni kitufe kinachokwaruza kidoleni na kurudia herufi, ingawa bodi yenyewe ni nzima. Kwa kibodi ya namna hiyo, sehemu ya maji katika hatua ya 4 irukwe.

## Hatua ya 3: Ng'oa kofia na fungua kasha

Piga picha ya kibodi nzima kabla ya kung'oa chochote. Vuta kofia moja moja, wima, bila kuipindisha upande. Nafasi, Shifti, Enta na vitufe vingine virefu hukaa juu ya stabilaiza, na baadhi ya kibodi huwa na waya ulionasa kwenye kofia yenyewe. Inua upande mmoja kidogo, chungulia, kisha uachie ndoano ya waya kwa kibano.

Skrubu za kasha hujificha chini ya miguu ya mpira, chini ya lebo, au katikati ya vitufe juu ya bamba linaloshikilia swichi. Ukizitoa zote na kasha bado halifunguki, pitisha kadi ya plastiki kwenye mshono na uende taratibu hadi ndoano ziachie. Usivute nusu mbili kwa nguvu, kwa kuwa huenda kuna utepe au waya unaounganisha bodi kuu na bodi ndogo ya USB.

Sasa tazama swichi zimefungwaje. Geuza bodi: ukiona miguu miwili ya kila swichi imezungukwa na vilima vidogo vya risasi inayong'aa, zimelehemewa. Ukiona soketi ndogo za plastiki nyuma ya kila swichi, ni za kuchomeka, na una bahati, kwa sababu zote zinaweza kung'olewa sasa hivi na kazi iliyobaki ikawa nyepesi. Zing'oe kwa kubana ndoano za juu na za chini na kuvuta wima.

Bodi ikiwa wazi, itazame mbele ya taa kali. Madoa meupe yaliyokauka ni sabuni au chumvi. Kijani au buluu ni shaba iliyoanza kuliwa. Hudhurungi yenye kunata ni vumbi na grisi. Piga picha ya kila doa na uandike limekaa chini ya kitufe gani.

## Hatua ya 4: Osha bodi, maji kwanza, spiriti baadaye

Kama swichi zimeng'oka, lowesha mswaki kwa maji yasiyo na chumvi na usugue madoa pande zote mbili za bodi kwa mkono mwepesi, hasa kuzunguka soketi, miguu ya chipu ya kudhibiti na tundu la USB. Suuza kwa maji hayo hayo, ukishika bodi kwa mshazari ili uchafu utiririke nje. Maji ya bomba hayafai, kwani yana chumvi zake.

Kama swichi zimelehemewa, usimwage maji. Tumia pamba iliyolowa kidogo, bodi ikiwa imeelekeza swichi juu, ili unyevu usipenye kupitia mashimo ya miguu yake. Kati ya bamba na bodi mara nyingi huna njia ya kufika; pitisha ukanda wa karatasi uliolowa humo na uuvute, kisha rudia kwa ukanda mpya hadi utoke msafi.

Baada ya maji, fuatisha spiriti ya isopropili kwa mswaki na pamba. Kazi ya spiriti hapa ni kuyafukuza maji yaliyobaki na kuondoa grisi. Spiriti hii hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo fungua madirisha, zima jiko, na usiwashe chuma cha kulehemia hadi bodi ikauke na chupa ifungwe na kuwekwa mbali.

Kutu ya kijani isiyotoka kwa mswaki ikwanguliwe kwa ncha ya kijiti cha mti, si kwa kisu. Bodi iliyooshwa vizuri haina doa hata moja ikiinamishwa mbele ya taa, na pamba safi ikipitishwa juu yake hutoka nyeupe.

## Hatua ya 5: Kausha kwa upepo

Simamisha bodi wima mbele ya feni, kivulini, kwa saa 24 ikiwa swichi zimeng'olewa, na kwa saa 48 ikiwa bado zimelehemewa, na katikati ya muda huo uigeuze. Mombasa, Tanga, Zanzibar na kwingineko pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi, ongeza siku nyingine, au malizia kwa kuifungia kwenye chombo cha plastiki pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba.

Draya ya nywele itumike kwa upepo wa baridi tu. Upepo wake wa moto huweza kupindisha kofia na nyumba za swichi, na pia husukuma unyevu ndani badala ya kuutoa.

## Hatua ya 6: Pima kabla ya kuchomeka

Plagi ya kawaida ya USB, ile pana ya mstatili, ina vibamba vinne ndani. Viwili vya nje ndivyo vya umeme, kimoja cha volti 5 na kingine cha ardhi. Weka mita kwenye upimaji wa omu na uguse hivyo viwili, kebo ikiwa imeunganishwa na kibodi lakini haijachomekwa kwenye kompyuta.

Namba ikianza chini kisha ikapanda, ni sawa: kapasita za bodi zinajaa. Kwa sababu hiyo hiyo mita iliyo kwenye mlio huweza kulia kwa kitambo kifupi na kunyamaza. Lakini mlio usiokoma, au usomaji uliokwama karibu na sifuri, maana yake kuna shoti, na kuchomeka kutahatarisha tundu la kompyuta. Rudi hatua ya 4 na uanze kutafuta kwenye tundu la USB la kibodi, ambako vibamba vimekaribiana mno na uchafu mdogo tu unatosha kuviunganisha.

## Hatua ya 7: Chora ramani ya vitufe vilivyokufa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Rudisha swichi kama zilikuwa za kuchomeka, ukikagua kwamba miguu yake imenyooka, kwa sababu mguu uliokunjika chini ya swichi hufanana kabisa na swichi iliyokufa. Chomeka kibodi, ikiwezekana kwenye kompyuta ambayo si ya kazi zako za kila siku, na ufungue ukurasa wowote wa intaneti wa kupimia kibodi. Bonyeza kila kitufe mara ishirini, polepole kisha haraka, na uchore kwenye karatasi: kilichokufa weka msalaba, kinachorudia weka namba mbili, kinachojibonyeza weka duara.

Ili kuisoma ramani hiyo ni lazima ujue bodi imeunganishwaje. Kibodi ya vitufe 104 haina nyaya 104 zinazokwenda kwenye chipu. Vitufe vimepangwa kwenye mistari na nguzo za umeme, na kila kitufe kimekaa pale mstari unapokatana na nguzo. Chipu huwasha mistari kwa zamu na kusikiliza nguzo. Katika kibodi nyingi za mekanika kila kitufe kina dayodi yake, inayozuia umeme usirudi nyuma ukaonyesha kitufe ambacho hakikubonyezwa.

Kwa hiyo:

Vitufe viwili vitatu vilivyokufa mbali mbali, kwa mfano R, 9 na Enta, ni tatizo la swichi au dayodi za vitufe hivyo. Nenda hatua ya 8.

Vitufe vinavyorudia herufi, lakini vinafanya kazi, ni viunganishi vichafu ndani ya swichi. Nenda hatua ya 9.

Vitufe vilivyokufa kwa mfululizo, kama vile 1, Q, A na Z kwa pamoja, au A hadi L zote, vinaonyesha nguzo au mstari uliokatika. Hapo kubadilisha swichi ni kupoteza risasi. Nenda hatua ya 11.

Kitufe kinachojibonyeza, au kinacholeta herufi za jirani, ni umeme unaovuja juu ya uchafu. Hakuna kulehemu kunakohitajika: rudi hatua ya 4 na uoshe eneo hilo upya.

Kompyuta isipoitambua kibodi kabisa, ruka hadi hatua ya 12.

Mpangilio wa umeme si lazima ufanane na unavyouona kwa macho, hasa kwenye vitufe vya pembeni na vya mishale. Ukiona vitufe vitano vilivyokufa ambavyo havikai kwenye mstari ulionyooka, fuata njia za shaba nyuma ya bodi kabla ya kusema ni bahati mbaya tano tofauti.

## Hatua ya 8: Kitufe kimoja kilichokufa

Kwa swichi za kuchomeka, hamisha swichi ya kitufe kizima uiweke kwenye kilichokufa. Kikiandika, tatizo lilikuwa swichi. Kisipoandika, tatizo liko kwenye soketi au dayodi.

Kwa swichi zilizolehemewa kuna njia rahisi ya kuuliza swali hilo hilo bila kuchomoa kitu. Kibodi ikiwa imechomekwa na bodi imegeuzwa juu ya kitambaa kikavu, gusa miguu yote miwili ya swichi hiyo kwa wakati mmoja kwa ncha za kibano. Umeme ni volti 5 tu na haukudhuru, lakini mkono usiteleze ukagusa miguu ya chipu. Herufi ikitokea kwenye skrini, bodi na dayodi ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Isipotokea, chomoa kebo na upime dayodi.

Dayodi hizo mara nyingi ni za aina ya 1N4148 au mwenza wake mdogo wa kubandikwa juu ya bodi. Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, upande mmoja usome kati ya volti 0.5 na 0.7, na ukigeuza ncha usisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri pande zote, imeungua. Isiposoma popote, imekatika au mguu wake umeachia kwenye risasi. Jaribu kwanza kuyeyusha upya risasi ya miguu yake pamoja na flaksi kidogo. Ukilazimika kuibadilisha, linganisha mstari uliochorwa kwenye mwili wake na ule wa dayodi za jirani, kwa kuwa iliyowekwa kinyume haitaandika kitu.

## Hatua ya 9: Kitufe kinachorudia herufi

Anza na njia nyepesi. Kibodi ikiwa imechomolewa, bonyeza shina la swichi hadi chini, dondosha tone moja la spiriti ya asilimia 99 pembeni mwake, kisha ubonyeze na kuachia mara hamsini hivi. Geuza kibodi kifudifudi mara moja ili spiriti itoke na uchafu wake, na uache ikauke kwa saa kadhaa. Njia hii isirudiwe zaidi ya mara mbili. Swichi inayoendelea kumwagiwa spiriti huisha grisi yote na kuanza kukwaruza.

Ikishindikana, swichi ifunguliwe. Swichi nyingi za umbo la Cherry MX hushikwa na ndoano nne, mbili kila upande, ambazo huachia zikipanuliwa kwa kifaa maalumu au kwa ncha mbili za kibano. Baadhi ya bamba zina nafasi za kufungulia swichi bila kuitoa; zisizo nazo zinahitaji hatua ya 10 kwanza. Funika kwa kiganja unapofungua, maana springi hupenda kuruka.

Ndani utakuta kifuniko, shina, springi, na nyumba ya chini yenye majani mawili membamba ya chuma. Shina likiwa mahali pake, miguu yake huyatenganisha. Likitoka, majani hukutana. Ndiyo maana kisafishio bora ni karatasi: kata ukanda wa upana wa milimita 3, ulowe spiriti, uupitishe kati ya majani hayo mawili na uuvute polepole. Utatoka na mstari wa kijivu au mweusi. Rudia kwa ukanda mpya hadi utoke safi, kisha malizia kwa mkavu. Usitumie msasa wala kukunja majani ili "yagusane zaidi": msasa huondoa tabaka jembamba la dhahabu kwenye nukta ya mguso, na jani lililokunjwa hubadilisha mahali kitufe kinapoandikia.

Kwa wale ambao kibodi yao inatumia programu ya ndani ya QMK, ipo pia tiba ya muda: muda wa kuchuja mirindimo ya kiunganishi (mitikisiko ya mguso inayohesabiwa kama mibonyezo mingi), ambao kwa kawaida ni milisekunde 5, unaweza kuongezwa hadi 10 au zaidi kidogo. Herufi zitaacha kurudia, ingawa uchafu utakuwa bado umo.

## Hatua ya 10: Kutoa swichi iliyolehemewa

Hapa ndipo kibodi nyingi huuawa na mwenyewe. Risasi ya kiwandani isiyo na madini ya risasi huyeyuka karibu na nyuzi 217, ilhali ile ya 60/40 huanza kwenye nyuzi 183. Kwa hiyo ongeza kwanza kiasi kidogo cha 60/40 na flaksi juu ya mguu wa swichi, ili mchanganyiko uyeyuke kwa urahisi.

Weka chuma kwenye nyuzi 340 hadi 360. Gusa mguu na pedi kwa pamoja kwa sekunde mbili au tatu, risasi ikishakuwa majimaji leta mdomo wa pampu na ufyonze. Mguu ukitikisika ndani ya shimo, umeachia. Usipotikisika, ongeza risasi upya na ufyonze tena. Usiendelee kuunguza sehemu ile ile na wala usivute swichi kwa nguvu, kwa sababu pedi ya shaba itang'oka nayo. Mabaki kwenye shimo yaondolewe kwa utambi.

Swichi mpya iingie hadi ikae sawasawa kwenye bamba, miguu ionekane upande wa pili, kisha ilehemu. Kilima kizuri cha risasi kina miteremko laini na kinashika mguu na pedi pande zote; kilicho kama mpira kimegusa mguu tu. Osha mabaki ya flaksi chuma kikiwa kimeshapoa. Nawa mikono kabla ya kula.

## Hatua ya 11: Mstari au nguzo nzima imekufa

Weka mita kwenye mlio. Gusa mguu wa swichi ya mwisho inayofanya kazi na ule wa swichi ya kwanza iliyokufa katika nguzo hiyo hiyo. Kama inayokufa ni safu ya mlalo, huenda ukalazimika kugusa ncha za dayodi badala ya miguu ya swichi, kutegemea upande zilikofungwa. Pasipo mlio, njia imekatika kati ya nukta hizo mbili, na mara nyingi utalikuta doa la kijani hapo hapo. Nguzo ikiwa imekufa yote, anza kupima kutoka kwenye mguu wa chipu.

Lehemu waya mwembamba wenye ganda, wa geji 30, kutoka nukta nzima hadi nukta iliyokatiwa. Upitishe mbali na mashimo ya skrubu na uubandike kwa mkanda usioungua kwa joto. Hakuna haja ya kuifufua njia ya zamani kwa kukwangua na kujaza risasi. Daraja la waya hudumu zaidi na ni rahisi kulikagua.

## Hatua ya 12: Kompyuta haiitambui kibodi

Badilisha kebo kabla ya kulaumu chipu, na hakikisha kebo hiyo inapitisha data, kwa kuwa zipo za kuchajia tu. Kisha pima kama volti 5 zinafika kwenye bodi, nyuma ya tundu la USB. Zisipofika, osha au yeyusha upya miguu ya tundu, na upime fyuzi ndogo iliyo karibu nalo kama ipo.

Zikifika na bado kimya, osha upya miguu ya chipu na ya kioo cha masafa kilicho jirani yake. Chipu inayopata moto hadi kidole hakivumilii imekufa. Katika kibodi ya bei ndogo hapo ndipo pa kuacha, ukabaki na swichi na kofia kama akiba. Katika ya bei kubwa, ulizia bodi kamili ya aina hiyo.

## Hatua ya 13: Rudisha grisi, kisha funga

Stabilaiza ndizo zinazopiga kelele kwanza baada ya kuoshwa. Paka grisi ya dielektriki, ile isiyopitisha umeme, kwenye ncha za waya zinapoingia kwenye vishikizo vyake. Swichi laini zisizo na mbofyo hupakwa tabaka jembamba sana la grisi ya Krytox 205g0 kwenye reli za shina na kwenye springi, kwa brashi ndogo ya kuchorea, bila kugusa majani ya chuma wala miguu ya shina inayoyasukuma. Swichi za mbofyo ziachwe kavu.

Unganisha betri mwisho, funga skrubu bila kukaza kupita kiasi, rudisha kofia kwa kufuata picha, na urudie kipimo chote cha hatua ya 7. Rudia tena baada ya wiki moja, kwa sababu mabaki yaliyofichika hujionyesha baada ya usiku kadhaa wenye unyevu.

## Usafi wa siku za usoni

Kofia zing'olewe na kuoshwa peke yake kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, zisuuzwe na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Vumbi lililo kati ya swichi liondolewe kwa brashi kavu. Bamba lifutwe kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti kisha ikakamuliwa, kibodi ikiwa imechomolewa na kusimamishwa wima, ili tone likidondoka lidondoke mezani na si ndani ya swichi.